Bunkeya: Kijiji Kilichokuwa Mji wa Mfalme



Katika somo la leo tutakizuru kijiji kimoja cha nchi yetu. Safari hii haihitaji gari wala chakula cha njiani. Yatosha msikilize kwa makini na kuangalia kila mahali tutakapoonyeshwa. Kijiji chenyewe chaitwa Bunkeya. Kiko katika jimbo letu la Lualaba, wilaya ya Lubudi, mbali upande wa mashariki ya Kolwezi, na kaskazini ya mji wa Likasi.

Mtu apitaye Bunkeya bila kiongozi ataona nyumba, mashamba, njia ya vumbi na mto. Labda atasema: "Ni kijiji kama vijiji vingine." Lakini katika miaka ya 1880 jina la Bunkeya lilijulikana toka Unguja katika bahari ya mashariki hata Benguela katika bahari ya magharibi. Hapo alikaa mfalme aliyeogopwa kuliko wote katika nchi hizi.

Kwa nini tujifunze habari hizo? Kwa sababu wengi wenu mnaojitayarisha kwa Ubatizo mwajiuliza neno moja: Mkristo afanye nini na habari za wazee wake? Je, azisahau zote? Je, azisifu zote? Bunkeya itatusaidia kujibu, maana habari zake zina mema ya kushukuru na mabaya ya kusikitisha, na wajukuu wa pande zote mbili wangali hai.

1. MAHALI PENYEWE

Bunkeya iko katika uwanda mpana, kando ya mto Lunkeya. Mto huo waingia katika mto Lufira, nao Lufira waenda kujiunga na Lualaba, ule mto mkubwa ulioipa jimbo letu jina lake. Upande wa mashariki, ng'ambo ya Lufira, yainuka milima ya Kundelungu.

Fikirini jinsi mahali hapo palivyofaa. Mto watoa maji. Uwanda watosha kwa mashamba na kwa nyumba nyingi. Katika bonde la Lufira chumvi ilipatikana, nayo ilikuwa mali kubwa siku zile. Upande wa kusini ni milima ya shaba. Porini walijaa tembo wenye pembe. Tena mahali hapo ni katikati ya njia ndefu mbili: moja yaenda Tabora, Bagamoyo na Unguja; nyingine yaenda Bihe na Benguela katika Angola. Aliyepashika hapo alishika kufuli ya milango miwili.

2. MGENI TOKA UNYAMWEZI

Aliyeufanya mji huo si mzaliwa wa nchi. Aliitwa Ngelengwa, mtu wa kabila la Wasumbwa, toka upande wa Unyamwezi katika Tanzania ya leo. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyi biashara wa shaba. Alisafiri mara nyingi kuja kuinunua huku, akafanya urafiki na watemi wa nchi. Yapata mwaka 1856 Ngelengwa naye akaja, na wenzake pamoja naye. Walikuwa wawindaji wa tembo, na kwa kazi hiyo waliitwa Wayeke, au Bayeke kama tusemavyo. Jina la kazi likawa jina la taifa.

Wayeke hawakuja mikono mitupu. Walikuwa na bunduki. Walijua kuvuta shaba iwe waya nyembamba kwa mapambo, jambo ambalo wahunzi wa huku hawakulizoea. Walileta viazi vitamu. Tena walijua kuwachanja watu ili kuwakinga na ndui, ugonjwa ule uliowaua wengi. Kwa hiyo wenyeji waliwapokea vizuri. Wasanga walipovamiwa na adui, waliomba msaada wa wageni hao wenye bunduki, wakasaidiwa.

Mtemi wa Wasanga, Mpande, alimpenda mgeni huyo. Polepole Ngelengwa akapata mamlaka, na pamoja nayo alama ya utemi: duara la kombe la baharini, lililokuwa kitu cha thamani sana katika nchi zilizo mbali na bahari. Toka hapo akaendelea. Watemi wengine wakamfuata kwa hiari, wengine kwa nguvu za vita. Akajitenga na Mwata Kazembe wa Luapula, aliyekuwa mkubwa wa nchi hizi zamani. Ufalme wake ukaitwa Garenganze, kwa ukumbusho wa nchi ya kwao, naye mwenyewe akajulikana kwa jina la Msiri.

Angalieni jambo hili: mwanzo wa ufalme ulikuwa ukarimu. Wenyeji walimpa mgeni mahali, naye mgeni akawasaidia. Yaliyofuata hayakufanana na mwanzo huo.

3. MJI WA SHABA, PEMBE NA WATU

Sasa twaingia mjini. Bunkeya haikuwa mji mmoja uliozungukwa na ukuta mmoja. Vilikuwa vijiji vingi vilivyotawanyika uwandani, kila kimoja na mkuu wake, na maelfu ya watu ndani yake. Msiri alikuwa na wake mamia, wengi wao binti za watemi walio chini yake. Baadhi yao walisimamia vijiji kwa jina la mfalme na kumletea habari. Hivyo ndoa zake zilikuwa pia njia ya kutawala.

Kila aliyefika Bunkeya aliona shaba. Yatupasa sisi watu wa Kolwezi kujua jinsi wazee wetu walivyoifanya kazi hiyo, kabla ya mashine kuja. Mafundi wa shaba waliitwa "walao shaba", kwa kuwa waliishi kwa kazi hiyo kama mkulima aishivyo kwa mtama. Walingoja mavuno yaishe na kiangazi kianze. Ndipo waliposafiri kwenda milimani na wake zao na watoto. Wanawake na watoto waliokota mawe ya kijani yaliyo juu ya ardhi na kuyaosha. Wanaume walichimba mashimo kwa majembe madogo ya chuma. Wengine walikata miti na kuchoma makaa. Tanuru zilijengwa kwa udongo wa kichuguu, maana udongo huo wavumilia moto. Kisha wakavuta mivukuto ya ngozi mpaka shaba ikayeyuka na kutiririka kama uji mwekundu. Mbenediktini Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuja kuwa askofu katika Katanga, aliwaona wazee wakiirudia kazi hiyo, akaieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1926.

Zamani sana shaba hiyo ilimiminwa katika kalibu yenye umbo la msalaba. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba makaburi ya kale mahali paitwapo Sanga, kando ya ziwa Kisale katika bonde la Lualaba. Huko waliikuta misalaba ya shaba pamoja na mifupa ya wafu, mingine imewekwa juu ya kifua. Ya zamani zaidi ina umri wa miaka mia saba hivi. Msifikiri kwamba wazee hao walikuwa Wakristo. Kwao msalaba huo ulikuwa mali, na baadaye ukawa fedha ya kununulia na kulipia mahari. Sisi twaujua Msalaba kwa sababu nyingine: kwetu ni alama ya Yeye aliyetukomboa bila fedha. Siku za Wayeke misalaba hiyo ilipungua. Wao walipenda zaidi kufanya waya na mapande marefu ya shaba.

Pamoja na shaba zilikuwako pembe za ndovu na chumvi. Misafara ilizichukua, ikarudisha nguo, shanga, bunduki na baruti. Lakini, ndugu, imetupasa kusema kweli yote. Katika soko la Bunkeya waliuzwa watu pia. Wanaume, wanawake na watoto waliokamatwa vitani walifungwa, wakapelekwa mbali, wengi upande wa magharibi mpaka Bihe na pwani ya Angola. Wengi walikufa njiani kwa njaa na uchovu. Bunduki zilizonunuliwa kwa watu hao zilitumika kukamata watu wengine. Ndivyo biashara mbaya ijilishavyo yenyewe.

4. BOMA LA MFALME

Wageni waliofika Bunkeya waliandika habari za boma la Msiri. Juu ya miti ya boma, walisema, vilitundikwa vichwa vya watu waliouawa kwa amri yake. Imetupasa kukumbuka kwamba wengi walioandika hivyo walikuwa na tamaa ya nchi yake. Mtu atakaye kumnyang'anya jirani shamba hamsifu jirani huyo. Hata hivyo mashahidi ni wengi, nao walifika kwa nyakati mbalimbali na kwa haja mbalimbali, wakaona jambo lile lile.

Wazee wa Wasanga nao wana masimulizi yao. Husimulia kwamba mwanamke wa kwao aliuawa Bunkeya, na jamaa zake walipodai haki hawakupewa. Hasira ikawashika. Wasanga, wale wale waliompokea Ngelengwa kwa ukarimu, wakaasi. Mwaka 1891 uasi ulikuwa mkali: njia za misafara zikafungwa, baruti ikapungua, mashamba yakaachwa, njaa ikaanza.

Someni katika Kitabu cha kwanza cha Wafalme habari ya Ahabu na shamba la Nabothi. Mfalme yule naye alikuwa na mali tele, lakini damu ya mtu mmoja asiye na hatia ikatosha kuiangusha nyumba yake. Mtawala aweza kuwa na bunduki elfu. Akiwanyima wanyonge haki, ameanza kulibomoa boma lake kwa mkono wake mwenyewe.

5. WAGENI WENGINE WANAFIKA

Mwaka 1884 walifika Wareno wawili, Capello na Ivens, waliokuwa wakivuka Afrika toka bahari hata bahari. Mwezi wa Februari 1886 akafika mtu wa namna nyingine: Frederick Stanley Arnot, Mskoti, Mprotestanti, aliyekuja toka Benguela kuhubiri Injili. Msiri alimpokea, akampa ruhusa ya kujenga. Arnot hakuwa na askari. Aliwauguza wagonjwa, akawapokea watoto wa watumwa waliotupwa kwa kuwa ni wadogo mno, hawana bei sokoni.

Sisi Wakatoliki hatuoni haya kuwasifu ndugu hao. Aliyempokea mtoto aliyetupwa amefanya neno la Bwana Yesu. Baada ya Arnot walifika wenzake, miongoni mwao Dan Crawford, mwaka 1890. Wamisionari Wakatoliki walikuja baadaye. Wabenediktini waliingia Katanga mwaka 1910.

Lakini huko Ulaya wakubwa walikuwa wameanza kuigawanya Afrika mezani. Waingereza waliitaka Katanga kwa ajili ya shaba yake. Leopold II, mfalme wa Wabelgiji, aliyejiita pia mkuu wa Dola Huru ya Kongo, aliitaka vilevile. Mwezi wa Novemba 1890 Mwingereza Alfred Sharpe alimletea Msiri mkataba, Msiri akaukataa. Mwezi wa Aprili 1891 akaja Paul Le Marinel kwa upande wa Leopold, akajenga kituo huko Lofoi. Msiri bado hakukubali kuwa chini ya mtu yeyote. Na katika hili tuseme haki: nchi haikuwa ya Leopold, wala ya Waingereza. Msiri alikuwa na sababu ya kukataa.

6. TAREHE 20 DESEMBA 1891

Tarehe 14 Desemba 1891 msafara mwingine uliingia Bunkeya. Mkuu wake alikuwa William Stairs, mzaliwa wa Kanada, ofisa wa jeshi la Uingereza, aliyetumwa na Kampuni ya Katanga kwa faida ya Leopold. Pamoja naye walikuwa Mbelgiji Omer Bodson, Mfaransa de Bonchamps, daktari Joseph Moloney, na mamia ya wapagazi na askari walioajiriwa Unguja na pwani. Ndiyo kusema, lugha ya Kiswahili ilisemwa siku hiyo upande huu na upande ule.

Stairs alimtaka Msiri akubali bendera ya Dola Huru. Msiri hakukubali. Stairs akaipandisha bendera pasipo ridhaa yake. Usiku Msiri akauacha mji, akaenda Munema, kijiji kilichozungukwa na boma. Tarehe 20 Desemba Stairs akawatuma Bodson na de Bonchamps na askari kama mia ili wamlete. Bodson akaingia bomani na watu wachache. Maneno yakawa makali. Bodson akampiga Msiri risasi, Msiri akaanguka. Papo hapo Bodson naye akapigwa risasi na mtu wa Msiri, akafa kwa jeraha lake.

De Bonchamps aliandika kwamba kichwa cha Msiri kilikatwa, kikainuliwa juu ya mti. Basi waliosema kwamba wamekuja kuukomesha ukatili walifanya tendo lile lile walilolishutumu. Habari za kichwa hicho zasimuliwa hata leo katika nchi ya Wayeke kwa huzuni nyingi.

Siku hiyo haikuleta shibe wala amani. Njaa ilizidi. Watu walikimbia Bunkeya, na wengi wa msafara wa Stairs walikufa kwa njaa na kuhara. Stairs mwenyewe alikufa mwezi wa Juni 1892 njiani kurudi, karibu na mwambao wa Msumbiji. Wanyonge hawakupata faida katika ugomvi wa wakubwa. Wahenga walisema: Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi.

7. KIJIJI BAADA YA MFALME

Mwana wa Msiri, Mukanda-Bantu, aliwekwa mahali pa baba yake, lakini chini ya serikali mpya. Wayeke wengi wakahamia naye karibu na kituo cha Lofoi. Watu wengine wakamfuata Dan Crawford, wakajenga pamoja naye Luanza kando ya ziwa Mweru. Mji mkuu ukawa magofu na majani. Baadaye Wayeke walirudi kwao, na wafalme wao, waitwao Mwami, wakakaa tena Bunkeya. Bali ukubwa ule wa kwanza haukurudi.

Shaba ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1906 kampuni ya Union Minière iliundwa. Mwaka 1911 tanuru ya Lubumbashi ilitoa shaba yake ya kwanza. Reli, karakana na miji mipya ikafuata, na baadaye Kolwezi yetu. Mwaka 1967 kazi hiyo ikawa ya shirika la serikali, lililoitwa baadaye Gécamines. Bunkeya haikuwa tena katikati ya njia.

Je, kilibaki nini? Shaba na pembe za Msiri zote ziliondoka. Bunduki zake zimeliwa na kutu. Yaliyobaki ni yale yasiyohesabika sokoni. Walibaki watu, na ukoo wao. Ilibaki lugha: Kiswahili tukisemacho Katanga kilianza kuingia pamoja na misafara ya siku zile, kabla ya migodi mikubwa kukieneza. Yalibaki pia masimulizi. Mukanda-Bantu alisimulia kumbukumbu zake zikaandikwa, na mwaka 1967 Mwami Antoine Munongo alitoa kitabu cha historia ya Wayeke. Kijiji kisichoandika habari zake huandikiwa na wageni, Bunkeya ilijiandikia.

8. MAKABURI NA UKUMBUSHO

Mwisho wa matembezi yetu ni makaburi ya wafalme. Kila mwaka, tarehe 20 Desemba, Wayeke hukusanyika Bunkeya kumkumbuka Msiri na waliomfuata. Hapo ndipo swali letu la kwanza larudi. Sikilizeni mazungumzo haya ya mkatekumeni na mwalimu wake.

MKATEKUMENI: Shikamoo, Mwalimu. Nina neno linanisumbua. Mama yangu ni Myeke, baba yangu ni Msanga. Upande wa mama husema Msiri alikuwa shujaa aliyekufa kwa ajili ya nchi yake. Upande wa baba husema alikuwa mwuaji. Nimfuate nani?

MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Je, wadhani ni lazima mmoja awe mwongo?

MKATEKUMENI: Ndivyo nilivyodhani.

MWALIMU: Alikataa kuwauzia wageni nchi, hiyo ni kweli. Aliwauza watu, hiyo nayo ni kweli. Soma mwanzo wa Injili ya Mathayo, mahali paliporodheshwa ukoo wa Bwana wetu. Umo Manase, mfalme aliyemwaga damu nyingi isiyo na hatia. Umo Daudi, na dhambi yake haikufichwa, maana mwandishi amemtaja mke wa Uria. Mungu hakuuonea haya ukoo huo, wala hakuusafisha kwa uongo. Amezaliwa ndani yake.

MKATEKUMENI: Basi, yafaa niende makaburini pamoja na mama?

MWALIMU: Amri ya nne yatuagiza kuwaheshimu wazazi, na aliyewaheshimu wazazi hawezi kuwadharau wazazi wao. Nenda, ukasimame kwa adabu. Usiwaabudu wafu wala usiwatolee sadaka kana kwamba ni Mungu. Waombee, maana hukumu ya roho ni ya Mungu peke yake. Tena ukiwa hapo, uwaombee pia wasio na kaburi.

MKATEKUMENI: Ni akina nani hao, Mwalimu?

MWALIMU: Waliofungwa na kupelekwa pwani, wakafa njiani. Hakuna anayejua majina yao ila Mungu. Na labda baadhi yao ni wazee wa baba yako.

MKATEKUMENI: Nimeelewa. Nitawaombea wote, wa mama na wa baba.

9. YATUHUSUYO SISI

Ndugu wakatekumeni, sisi hatukai Bunkeya ya mwaka 1880. Lakini twakaa juu ya shaba ile ile, na pamoja na shaba ni kobalti, ambayo dunia yote yaitafuta sasa kwa betri za simu na za magari. Zaidi ya nusu ya kobalti ichimbwayo duniani yatoka katika nchi yetu. Katika miaka ya 2010 watu wa mtaa wa Kasulo, hapa Kolwezi, walichimba mashimo hata chini ya nyumba zao. Mali imekuja tena, na pamoja nayo majaribu yale yale: kumtuma mtoto shimoni badala ya shuleni, kumpunja mchukuzi kwa mizani ya uongo, kumhamisha mjane bila kumlipa haki yake, kunyamaza jirani aonewapo.

Tusiseme, "Hayo ni mambo ya wakubwa." Mizani imo mikononi mwetu pia. Amri ya tano na ya saba hazikuandikwa kwa wafalme tu. Kila anunuaye gunia la mawe, kila mwenye shimo, kila baba mwenye watoto, ana ufalme wake mdogo, naye ataulizwa jinsi alivyoutawala.

Wahenga husema: Mkataa kwao mtumwa. Basi tusikatae kwetu. Tuwaulize wazee habari za vijiji vyetu wangali hai, tuzipokee nzima, mema na mabaya. Yaliyo mema tuyaendeleze. Yaliyo mabaya tuyatubie kwa kutoyarudia. Hivyo tutawaheshimu wazee wetu kwa namna impendezayo Mungu.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Bunkeya iko kando ya mto Lunkeya, katika bonde la Lufira.

Ngelengwa, aitwaye Msiri, alikuja toka Unyamwezi yapata mwaka 1856, akaanzisha ufalme wa Garenganze.

Mali ya mji ilikuwa shaba, chumvi, pembe za ndovu, na kwa huzuni yetu, watu.

Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs, kwa kuwa alikataa bendera ya Leopold II.

Wayeke wanaikumbuka siku hiyo kila mwaka.

MASWALI

1. Kwa nini mahali pa Bunkeya palifaa kwa mji wa biashara?

2. Wayeke walileta mambo gani mema katika nchi hii?

3. Eleza jinsi wazee walivyoyeyusha shaba. Nani walifanya kazi gani?

4. Wasanga walimpokea Ngelengwa kwa ukarimu. Kwa nini baadaye waliasi?

5. Katika habari ya tarehe 20 Desemba 1891, ni tendo gani la wageni lililofanana na matendo waliyoyashutumu?

6. Mkristo aweza kuwaheshimu wazee wake bila kuficha dhambi zao? Tumia mfano wa Injili ya Mathayo.

7. Kazi ya nyumbani: Muulize mzee mmoja wa kijiji chako habari za mto, kilima au mti mkubwa ulio karibu, na jina lake lilikotoka. Andika atakayokuambia, uyalete kwa mwalimu Jumapili ijayo.